Ukimya Kuhusu Ujinsia: Je, Ni Mila?

Hudaiwa kwamba kuwafunza vijana mambo ya unyumba ni kinyume cha mila za Kiafrika. Historia yakanusha dai hilo. Katika Facing Mount Kenya (1938), Jomo Kenyatta alieleza ngwiko: vijana wa Kikuyu waliotahiriwa walibembelezana pasipo kujamiiana, wakifuata kanuni za rika. Wamisionari waliiona dhambi. Pwani nako, kungwi alimfunda mwari. Leo Kawangware, iliyokuwa ardhi ya Wakikuyu, na Kibera, iliyoanzishwa na Wanubi Waislamu, hukaliwa na watu wa jamii na dini nyingi. Rika halipo, kungwi hayupo. Mzazi akinyamaza, kijana hufunzwa na mtaa. Ukimya huo, basi, si mila. Mila ilikuwa na mwalimu.