Tumbo Lenye Misuli, Nyumba Iliyoshiba: Kijitabu cha Chakula kwa Familia za Lodwar na Kakuma

Vijana wengi wa Lodwar na Kakuma wanataka siksipeki, yaani misuli ya mbele ya tumbo iliyojigawa vipande. Jioni wanapiga pushapu na kuinua vyuma vya saruji nyuma ya nyumba. Kesho yake wanaruka chakula cha mchana wakidhani wanafupisha safari. Kijitabu hiki tumekiandika kwa nyumba nzima, kwa sababu huyo kijana hapiki peke yake, na sufuria ni moja.

Misuli hiyo kila mtu anayo. Kinachoificha ni mafuta yaliyo chini ya ngozi. Mazoezi ya tumbo huikaza, ila hayawezi kuyachagua mafuta ya tumboni na kuyayeyusha peke yake. Mwili hupunguza mafuta unakotaka, na kwa wengi tumbo huja mwisho. Wapo wenye afya kamili ambao hawatavihesabu vipande sita maishani mwao, na hawana ugonjwa wowote.

Njaa si mazoezi

Njaa nayo huanika mistari ya tumbo. Mtu akikosa chakula, mwili huanza kuila misuli yenyewe, na kwenye kioo asijue tofauti. Mpime kwa kazi. Jerikeni ya lita 20 aliyokuwa akiibeba bila shida sasa inamlemea, anaona kizunguzungu akisimama, vidonda vinachelewa kupona: huyo anapungua, hajengeki. Kutafuna tumbaku ili njaa ipite ni kujidanganya tu.

Mwaka 2016, wanariadha watano wa timu ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio walitoka Kakuma. Kabla ya hapo walifanya mazoezi kwa miezi mingi huko Ngong, katika kambi ya mazoezi ya mwanariadha Tegla Loroupe, kwa ratiba na chini ya makocha. Miili ile haikutokana na kushinda njaa.

Chai yetu

Tuseme ukweli kuhusu chai. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4 hivi. Vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vinne kutwa, ni gramu 64. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25, tena hapo hatujagusa soda. Anayekunywa hivyo na mandazi mawili kila asubuhi, halafu akajinyima maharagwe mchana, ameacha kile ambacho kingemjenga. Hatusemi mwache chai. Turkana nani angetusikiliza? Punguza kijiko kimoja, ulimi uzoee, kisha upunguze kingine.

Cha kutia sahanini

Misuli hujengwa kwa protini. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji gramu 50 hivi kwa siku. Anayefanya mazoezi mazito anaweza kufika 70 hadi 95. Si lazima poda ya dukani. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina gramu 15 hivi, yai moja 6, kikombe kikubwa cha maziwa 8, na kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa hufika 20 au zaidi. Gawanya kwenye milo ya siku nzima badala ya kungojea usiku.

Samaki wa ziwani wanaofika sokoni kutoka Kalokol ni hazina iliyo karibu. Ukinunua mkavu aliyetiwa chumvi, mloweke kwanza, mwaga maji yale, kisha mchemshe na kitunguu na nyanya. Usimkaange kwa mafuta mengi: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi, na mkono wa mpishi hauhesabu. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia ni mazuri, yachemshe kwanza. Mchungaji anayefuata mbuzi kutwa kwa maziwa hayo hajawahi kuulizwa amepiga pushapu ngapi.

Ugali wa mahindi au mtama usiuondoe, upunguze tu uchukue robo ya sahani. Robo nyingine iwe maharagwe, ndengu, nyama au samaki. Nusu iliyobaki ni majani ya kunde, mchicha au sukumawiki, kutoka mashamba ya Turkwel au bustani ndogo za Kalobeyei. Mgao wa chakula ukipungua na mboga zikawa ghali, anza na maharagwe. Misuli itangoja.

Fanyeni mazoezi alfajiri, kabla ya jua kali, na mnywe maji hata kabla ya kiu.

Wasiopaswa kujaribu

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto anayekua hawapaswi kupunguza chakula ili tumbo lichongeke. Msichana akikonda hadi hedhi ikakatika, aongeze chakula na aende kliniki.

Na ile pakiti ya siagi ya njugu ya matibabu, ya gramu 92 na kalori 500 hivi, ni dawa ya mtoto mwenye utapiamlo mkali, kwa mfano ambaye mkono wake wa juu umepimwa chini ya sentimita 11.5. Kaka mtu asiile kwa ajili ya mazoezi, wala isinunuliwe sokoni. Mama asiye na uhakika na mkono wa mwanawe amwite mhudumu wa afya ya jamii aje na ule utepe wa rangi. Kupima hakuchukui hata dakika moja.