Somo: Mapenzi Yako, si Yangu



Katika masomo yaliyotangulia mmejifunza kwamba kusali ni kuinua moyo kwa Mungu: kumwabudu, kumshukuru, kumwomba msamaha, na kumwomba mahitaji yetu. Leo tulitazame swali moja linalowasumbua wengi: Ikiwa Mungu ni Baba mwema, tena anaweza yote, mbona pengine namwomba jambo jema nami silipati?

Swali hilo si dogo. Mtoto ashikwa na homa. Wazazi wasali usiku kucha, na asubuhi homa ingalipo. Ndipo jirani anapokuja na kunong'ona: «Mungu wenu hasikii. Twendeni kwa mganga, awape hirizi.» Saa hiyo imani ya mkatekumeni yapimwa kama dhahabu motoni. Asiyejua vema maana ya sala huanguka upesi. Kwa hiyo sikilizeni.

1. Sala si biashara

Mtu aendaye kwa mganga huchukua kuku wake, hulipa, kisha husema: «Nimekwisha kutoa, nipe nitakacho.» Anataka nguvu za siri zimtumikie. Wako watu wanaoingia katika mafundisho na mawazo yale yale mioyoni. Hudhani kwamba wakirudia maneno ya rozari mara nyingi, Mungu amefungwa kutenda kama watakavyo. Hao wamebadili maneno, bali moyo haukugeuka.

Mkristu hasali ili amfanye Mungu kuwa mtumishi wake. Husali kama mtoto mbele ya baba yake. Mtoto huomba bila woga, hata hulia. Lakini anajua kwamba babaye anaona mbali kuliko yeye.

2. Sisi twaona shamba letu, Mungu aona nchi nzima

Fikirini wanawake wawili wa kijiji kimoja. Mmoja ametandaza mihogo yake juani ikauke. Huyo aomba jua. Mwenzake amepanda mahindi juzi. Huyo aomba mvua. Wote wawili ni waamini, na maombi yao yote mawili ni mema. Mungu atafanya nini? Kila mmoja aona shamba lake na siku yake ya leo. Mungu aona mashamba yote, na leo, na kesho, na uzima wa milele.

Tena yako maombi ambayo hayawezi kabisa kupatana na mapenzi ya Mungu. Anayemwomba Mungu ampige adui yake, au ambariki katika wizi, au amsaidie kuchukua mke wa mtu, huyo hasali. Mapenzi ya Mungu yamekwisha kujulikana katika Amri zake. Hatuna haja ya kuyatafuta katika ndoto wala kwa wapiga ramli.

3. Bwana wetu mwenyewe alisali hivyo

Usiku ule kabla ya kufa kwake, Yezu aliingia katika bustani ya Getsemani. Aliogopa, akahuzunika sana. Alimwomba Baba amwondolee kikombe cha mateso. Tazameni: hakuficha woga wake. Lakini papo hapo aliongeza kwamba yatimizwe mapenzi ya Baba, si yake yeye. Alisali hivyo mara tatu.

Je, Baba hakumsikia? Alimsikia. Hakumwondolea msalaba, lakini alimtuma malaika kumtia nguvu, na siku ya tatu akamfufua katika wafu. Yezu hakupewa njia ya kuukwepa msalaba. Alipewa ushindi juu ya mauti, nasi sote tukapata wokovu humo.

Ndiyo sababu katika Baba Yetu, kabla ya kuomba mkate wa kila siku, twaomba kwanza mapenzi ya Mungu yatimizwe hapa duniani kama mbinguni.

4. Machozi ya mama wa Afrika

Mtakatifu Monika alikuwa mwanamke wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Mwanawe Augustino alizaliwa mwaka 354. Katika utoto wake alitiwa alama ya msalaba na chumvi, akahesabiwa mkatekumeni kama ninyi, lakini ubatizo wake uliahirishwa. Alipokuwa kijana aliyependa elimu na sifa, akaishi na mwanamke pasipo ndoa, akafuata mafundisho ya uongo ya Wamanikeo kwa muda wa miaka tisa hivi. Mama yake alimwombea kila siku kwa machozi.

Mwaka 383 Augustino akakusudia kuvuka bahari kwenda Roma. Monika aliogopa kwamba mwanawe akifika mbali atapotea kabisa. Akamfuata hadi pwani kule Carthage, akamsihi asiende, au amchukue pamoja naye. Augustino akamdanganya, akasema anamngoja tu rafiki anayesafiri. Usiku huo Monika akakaa katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani karibu na bandari, akisali na kulia ili Mungu amzuie mwanawe. Usiku huo huo chombo kikatweka. Asubuhi mama akakuta pwani tupu.

Mtu angesema: sala ya Monika imekataliwa. Lakini ngojeni. Kutoka Roma Augustino alikwenda Milano kuwa mwalimu. Huko akamsikia Askofu Ambrosi akihubiri, na moyo wake ukaanza kugeuka. Monika naye alimfuata huko. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosi akambatiza Augustino, na mama yake akaona. Mwaka huo huo Monika akafa Ostia, hana tena alichokitamani duniani. Augustino akawa padri, kisha askofu, na mwalimu mkubwa wa Kanisa.

Augustino mwenyewe aliandika baadaye katika kitabu chake cha Maungamo kwamba usiku ule Mungu hakumpa mama jambo aliloliomba wakati ule, ili ampe lile aliloliomba siku zote. Monika aliomba chombo kisiondoke. Mungu alitazama shabaha ya sala zake zote, yaani wokovu wa mwanawe.

5. Basi, tusalije?

Kwanza, mwambie Mungu haja yako waziwazi. Pili, ipime kwa Amri zake. Tatu, iweke mikononi mwake, ukubali kwamba aweza kujibu kwa njia nyingine au wakati mwingine. Nne, usichoke, Monika aliomba miaka mingi. Tano, fanya kazi yako: mtoto mwenye homa apelekwe dispensari, maana dawa na mikono ya muuguzi ni vipaji vya Mungu pia.

Na mtoto akifa? Hapo tusiseme maneno mepesi. Yezu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Mkristu alie, na jamaa walie pamoja naye. Lakini asimtafute mchawi wa kumshitaki, wala asiache sala. Mara nyingi hatuelewi sababu. Twajua jambo moja: Baba aliyemfufua Mwanawe hawaachi watoto wake.

Maswali

Je, ni vibaya kumwomba Mungu afya, mvua au mavuno?
Sivyo. Yezu ametufundisha kuomba mahitaji yetu, lakini tukiyaacha katika mapenzi ya Baba.

Mapenzi ya Mungu twayajua wapi?
Katika Amri zake, katika Injili na mafundisho ya Kanisa, na katika wajibu wetu wa kila siku.

Tusipopata tulichoomba, je, sala yetu imepotea?
Hapana. Mungu hujibu kadiri ya wokovu wetu, kama alivyomjibu Monika.

Azimio la juma hili: Kila jioni, pamoja na watu wa nyumba yako, taja haja moja mbele ya Mungu, kisha mmalizie hivi: «Ee Baba, haja yetu umeisikia. Utupe unachoona chema, na moyo wa kukipokea. Amina.»