FUNDISHO LA MUZIKI: KONSERTO YA GITARE BILA ORKESTRA, NAMNA GANI?



Siku moja kijana wa darasa la tano alikuja kwangu na ulizo. Alikuwa amesikia konserto ya gitare kwenye redio. Akasema: «Mwalimu, sisi tuko na gitare tatu tu na filimbi mbili. Orkestra hatuna. Basi muziki ule si wetu?» Nilimjibu kwa kifupi pale uwanjani, lakini ulizo lake linastahili jibu zuri. Ndilo fundisho letu la leo.

1. KONSERTO NI NINI?

Hapa kwetu tukisema «orkestre» tunafikiri kundi la gitare, ngoma na waimbaji. Katika muziki wa Ulaya orkestra ni kitu kingine: violoni nyingi kubwa na ndogo, filimbi, tarumbeta na wenzao. Konserto ni mazungumzo kati ya mtu mmoja na kundi lile. Kundi linasema neno, mmoja anajibu, kundi linarudia neno lake, mmoja anaendelea. Mara nyingi iko na sehemu tatu: ya haraka, ya polepole, ya haraka tena.

Shikeni sana neno hili MAZUNGUMZO. Mtu anayepanga upya konserto anaweza kuacha noti nyingi, na muziki utabaki mzima. Lakini akiua mazungumzo, amebaki na maiti.

Tutatazama konserto mbili. Ya kwanza ni ya Antonio Vivaldi, mtu wa Venezia (1678–1741), ya tonaliti ya re, yenye dieze mbili. Wataalamu wanaiita RV 93. Vivaldi aliiandika karibu na mwaka 1730, si kwa gitare bali kwa lute, ndugu mzee wa gitare, pamoja na violoni mbili na basi. Basi kila mara gitare inapoipiga, kazi ya kupanga upya imekwisha kuanza.

Ya pili ni «Concierto de Aranjuez» ya Joaquín Rodrigo wa Hispania (1901–1999). Mtu huyu alikuwa kipofu tangu utoto wake, juu ya ugonjwa wa difteria. Aliandika muziki kwa maandishi ya vipofu. Tena hakuwa mpigaji wa gitare, alikuwa mpigaji wa piano! Aliitunga Paris katika mwaka 1939, na watu waliisikia mara ya kwanza huko Barcelona katika Novemba 1940.

2. JE, INARUHUSIWA KUBADILI KAZI YA MTU?

Ulizo hili ni la haki. Jibu liko na pande mbili.

Upande wa desturi: ndiyo. Johann Sebastian Bach mwenyewe, alipokuwa Weimar karibu na 1713 na 1714, alichukua konserto za Vivaldi akazipanga kwa kinanda peke yake. Moja ilikuwa ya violoni mbili na kundi, kutoka kitabu cha Opus 3 kilichochapwa Amsterdam mwaka 1711. Bach aliiweka yote ndani ya mikono miwili na miguu miwili ya mpigaji mmoja wa ogani. Rodrigo naye alipanga konserto yake ya Aranjuez kwa kinubi katika mwaka 1974. Basi kupanga upya si wizi wala si dharau. Bach alijifunza hivyo, nanyi mtajifunza hivyo.

Upande wa sheria: angalieni. Kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote, na tena baada ya kufa kwake kwa miaka 50 au 70 katika nchi nyingi. Vivaldi alikufa 1741, kazi yake ni ya watu wote. Rodrigo alikufa 1999. Mtu akipanga Aranjuez na kuchapa karatasi zake au kuziuza bila ruhusa, amekosa. Kwa sababu hii, na kwa sababu nyingine nitakayoonyesha, ninawashauri kuanza na Vivaldi.

3. KUCHAGUA VIZURI

Kabla ya kuandika noti moja, soma partisio yote na uulize: watu wangapi wanasema jambo lao wenyewe?

Ndani ya Vivaldi RV 93 sauti ni nne tu: lute, violoni ya kwanza, violoni ya pili, basi. Tena mahali pengi kundi linapopiga pamoja, lute na violoni ya kwanza wanasema neno moja. Hapo zinabaki sauti tatu. Gitare tatu zinatosha!

Ndani ya Aranjuez mambo ni mengine. Sehemu ya polepole inaanza vizuri kwetu: gitare inapiga akordi za si ndogo (si, re, fa dieze), na chombo kimoja cha kupuliza, kiitwacho koranglee, kinaimba wimbo wake wa huzuni. Hiyo filimbi moja na gitare moja zinaweza. Lakini karibu na mwisho gitare inapiga peke yake kwa muda mrefu, halafu orkestra nzima inaruka juu na wimbo ule kwa nguvu zote. Gitare moja itafanya nini pale? Itapiga kelele, haitafika. Mwenye akili anajua mlima upi anaweza kuupanda leo.

4. KAZI YENYEWE

a) Jua mipaka ya gitare. Kamba sita: mi, la, re, sol, si, mi. Gitare inasikika oktavi moja chini ya noti iliyoandikwa. Ukinakili karatasi ya violoni bila kubadili, wimbo unaanguka chini, unajificha katikati ya sauti za kusindikiza. Hilo ndilo kosa la kwanza la wapya.

b) Legeza kamba ya sita kutoka mi mpaka re. Kwa konserto ya tonaliti ya re ni msaada mkubwa: kidole gumba kinapata re ya chini, la na re ya kati kwenye kamba wazi, na mkono wa kushoto unabaki huru juu ya wimbo. Lakini kumbuka, vidole ulivyozoea kwenye kamba ya sita vinapanda kase mbili.

c) Basi ikishuka chini kuliko gitare, ipandishe oktavi moja. Lakini usipandishe noti moja peke yake, pandisha sentensi nzima. Basi inayoruka juu na chini bila sababu ni kama mtu anayepanda ngazi akikosa kidaraja.

d) Jua noti ipi ya kuacha. Akordi ya re ni re, fa dieze, la. Ikiwa vidole havitoshi, acha kwanza noti iliyorudiwa mara mbili. Kisha acha la, maana sikio halitaililia sana. Usiache re ya basi, wala usiache fa dieze. Fa dieze ndiyo inayotuambia kama akordi ni ya furaha ao ya huzuni. Wanakwaya, mnajua jambo hili: alto akikaa kimya, wimbo wote unabadilika uso.

e) Angalia yasiyowezekana. Kabla ya kulegeza kamba, fa dieze ya chini kabisa na sol iliyo jirani yake zote zinakaa kwenye kamba ya sita. Haziwezi kulia pamoja, hata mpigaji awe hodari namna gani. Kila mstari unaouandika, ujaribu na gitare mkononi. Karatasi inakubali yote, mkono haukubali.

f) Noti ndefu. Violoni inashika noti muda inaotaka. Gitare ikipiga, sauti inaanza kufa papo hapo. Katika Largo ya Vivaldi, violoni zinashika noti ndefu kwa upole, na lute inaimba juu yao. Kama uko peke yako, usijaribu kujaza nafasi ile kwa vidole vingi. Weka wimbo juu, basi kwa kidole gumba, na katikati noti moja moja tu pale wimbo unapopumzika.

5. MTU MMOJA AO KUNDI DOGO?

Mtu mmoja anaweza kusema kwa sauti mbili. Hapa kwetu tuko na ushuhuda mzuri: Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alinasa wimbo wake «Masanga» katika mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Gitare moja, lakini masikio yanasikia basi ikitembea na wimbo ukijibu. Kwa konserto, mpigaji wa peke yake aonyeshe nani anasema. Kundi linaposema, apige akordi zilizojaa, karibu na daraja la gitare, ambapo sauti ni kali. Mmoja anapojibu, apige sauti chache, karibu na tundu, ambapo sauti ni laini. Hivyo mazungumzo yanabaki.

Kundi dogo ni rahisi zaidi kwetu. Vijana wanaofuata orkestre za rumba wanajua tayari kwamba gitare ya solo, ya mi-solo, ya kusindikiza na ya basi hazikai mahali pamoja. Fanyeni vilevile. Gitare ya kwanza ikae juu, kase ya saba na kupanda. Ya pili ikae katikati. Ya tatu ishike kamba nene. Zote tatu zikikaa kwenye kase tatu za kwanza, mtasikia matope tu.

Na zile noti ndefu za Largo? Toeni kwa filimbi mbili. Kama filimbi hazipo, waimbaji wanne waziimbe kwa mdomo uliofungwa, polepole sana. Nimejaribu, inafaa.

6. KOSA LANGU MWENYEWE

Nilipokuwa kijana wa umri wenu, tulikuwa watatu wenye gitare. Tulipanga sehemu moja ya konserto kwa sikukuu ya mwisho wa mwaka. Mimi ndiye niliyeandika karatasi, na sikutaka kuacha noti hata moja. Kiburi, kwa kweli. Nilisema: tukiacha kitu, watu watafikiri hatuwezi. Tulifanya mazoezi wiki sita, vidole vikatoka malengelenge.

Siku ile tulipiga yote, bila kukosa sana. Watu walipiga makofi ya adabu. Kisha mzee mmoja akanishika mkono akasema: «Mtoto wangu, vidole nimeviona vingi. Lakini wimbo ulikuwa wapi?»

Sikulala vizuri. Asubuhi nilichukua karatasi na kreyo, nikaanza kufuta. Nilifuta karibu nusu. Tulipopiga tena sisi watatu tu, chini ya mwembe, mwenzangu wa gitare ya pili alisimama katikati akasema: «Kumbe iko nzuri hivi!» Yeye mwenyewe, baada ya wiki sita za mazoezi, hakuwa ameusikia wimbo.

Basi kijana wa darasa la tano, jibu lako ni hili. Muziki ule ni wako pia. Lakini hutaupata kwa kubeba orkestra yote kichwani. Uliza kila noti: wewe unafanya kazi gani hapa? Isiyo na kazi, iende.

MAULIZO NA ZOEZI

1. Konserto na wimbo wa kwaya vinatofautiana wapi?
2. Kwa nini tunalegeza kamba ya sita kwa konserto ya tonaliti ya re?
3. Akordi ya sol ni sol, si, re. Uko na vidole kwa noti mbili tu. Utashika zipi? Eleza.
4. Chukua wimbo mmoja wa sauti nne unaoujua. Upange kwa gitare mbili: wimbo na alto kwa ya kwanza, basi kwa ya pili. Sauti ya tatu (tenor) iweke pale tu inaposaidia. Kisha mpigie mtu asiyejua muziki na umwombe aimbe alichosikia. Akiuimba wimbo, umeshinda. Akishindwa, rudi kwenye kreyo yako na raba.

Mwenye kazi iliyokwisha ailete chumba cha muziki siku ya mazoezi. Tutaipiga pamoja, nasi tutafuta pamoja.

Mwalimu wenu wa muziki