Sinema Tuliyoichukia

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi. Kabla ya kusoma, fungueni Biblia zenu: Marko 9:14–29, Luka 10:17–20, Matendo 19:13–17.



Pengine wengine wenu watashangaa kuona jarida la kanisa likizungumza habari za sinema ya kutisha. Sisi wenyewe tulisita. Lakini Jumapili moja, baada ya ibada, kijana mmoja wa kwaya alitujia akauliza kama ni dhambi kutazama sinema iitwayo The Exorcist, maana yake Mtoa Pepo. Tulimjibu mara moja kwamba ni sinema mbaya, ya kumtukuza Shetani. Akatuuliza kwa adabu, "Samahani wazee wangu, mliitazama mpaka mwisho?"

Tulinyamaza, kwa maana hatukuitazama mpaka mwisho. Miaka ya 1980, tulipokuwa vijana, sisi watatu tunaouandaa ukurasa huu tuliitazama nyumbani kwa jirani mwenye video. Ilipofika mahali ambapo mtoto anaufanyia msalaba mambo ya aibu, tuliinuka tukatoka, na tangu siku ile tumekuwa tukiwaonya wengine. Basi baada ya swali la yule kijana tuliona haifai kuhukumu jambo ambalo hatujalisikiliza lote. Tuliketi tena, tukaitazama mpaka mwisho, na somo hili ndilo tunda lake.

1. Sinema yenyewe

Sinema hii ilitolewa Marekani mwishoni mwa mwaka 1973. Mwongozaji wake alikuwa William Friedkin, na hadithi ilitoka katika kitabu cha William Peter Blatty cha mwaka 1971. Blatty alikuwa Mkatoliki, naye alianza kuiwaza hadithi hii kwa kusikia habari za mvulana mmoja aliyefanyiwa sala za kutolewa pepo huko Marekani mwaka 1949.

Katika sinema mtoto ni msichana wa miaka 12, Regan, akaaye na mama yake mjini Washington. Anaanza kubadilika: anatukana, anapiga watu, kitanda chake kinatikisika. Mama yake si mtu wa dini. Mwishowe anamwendea padre kijana, Karras, ambaye pia ni daktari wa magonjwa ya akili. Askofu anamwita padre mzee, Merrin, na wale wawili wanaingia chumbani kwa mtoto kusali.

Sinema ilipoonyeshwa, magazeti yaliandika habari za watu waliozimia na waliotoka mbio. Wakristo wengi waliilaani. Huko Uingereza mikanda yake ya video iliondolewa madukani, wala haikupata kibali cha kuuzwa tena mpaka mwaka 1999, na hapo kwa watu wazima tu. Hata hivyo ilishinda tuzo mbili za Oscar, moja kwa jinsi hadithi ilivyoandikwa na nyingine kwa sauti zake. Kwa hiyo hatukuwa peke yetu katika kuichukia, wala waliosema kwamba ina jambo la maana hawakuwa wachache.

2. Mama na madaktari

Jambo la kwanza tuliloliona mara ya pili lilitufedhehesha. Sehemu kubwa ya sinema hii haina padre wala sala. Ina mama anayemzungusha mtoto wake hospitalini. Madaktari wanampa dawa, wanampiga picha za kichwa, wanamchoma sindano ya shingoni ili kuichungulia mishipa ya ubongo. Damu inaruka. Watazamaji wengi wamesema kwamba hapo ndipo palipowatisha kuliko popote pengine. Mama anapoomba kwamba mtoto atolewe pepo, padre Karras mwenyewe anakuwa wa kwanza kukataa. Anataka uthibitisho. Anamnyunyizia mtoto maji ya bombani akisema ni maji ya baraka, ili aone kama anajifanya.

Mambo haya yote yalikuwamo katika ule mkanda tulioutazama ujanani. Tuliyaona, lakini hatukuyatia moyoni. Tulikuwa tukimngoja pepo.

Hapa hatuna budi kukiri jambo ambalo hatujapata kuliandika. Muda mfupi baada ya kutazama mkanda ule, msichana mmoja wa jirani zetu alianza kuanguka na kutoa povu mdomoni. Zahanati ilimpa vidonge, ikasema ni kifafa. Sisi tulikwenda nyumbani kwao na Biblia zetu, vichwa vyetu vimejaa picha tulizoziona kwenye video ile, tukampigia kelele usiku kucha. Tukamwambia mama yake kwamba kuendelea na vidonge ni kukosa imani. Mama akatuamini, akaviacha. Juma lile lile mtoto alianguka motoni jikoni. Alipona, lakini mkono wake una kovu mpaka leo. Mama yake hakutulaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalotuuma zaidi.

Tulikuwa tumeichukia sinema, kumbe ndiyo iliyotufundisha namna ya kusali. Tulichukua kelele zake tukaiacha hekima yake.

Someni tena Marko 9. Yule baba anamleta mwana wake ambaye mara nyingi huanguka motoni na majini. Angalieni Bwana Yesu anavyoanza. Hapigi kelele. Anamgeukia baba na kumwuliza hali hii ilianza lini, kama mganga mwema anavyouliza habari za mgonjwa. Kisha anausikiliza uchungu wa baba na imani yake iliyochanganyika na mashaka, wala hamfukuzi kwa ajili ya mashaka hayo. Na mwisho anamshika mtoto mkono na kumwinua. Sisi usiku ule hatukuuliza swali hata moja, wala hakuna aliyemshika mtoto mkono.

3. Padre aliyechoka

Jambo la pili ni huyu Karras. Ujanani tulimwona padre dhaifu, nasi tulitaka shujaa. Sasa tunamwona mtu tunayemfahamu. Mama yake mzee alikuwa akikaa peke yake New York. Hakuwa na fedha za kumtunza vizuri, naye alifariki peke yake nyumbani. Tangu hapo padre huyu anabeba hatia, na imani yake inafifia. Ndani ya chumba cha mtoto, pepo hamshambulii kwa nguvu tu, bali kwa sauti ya mama yake. Analigusa donda lake.

Wangapi miongoni mwetu wamewazika wazazi waliokuwa mbali, wakabaki na yale ambayo hawakuwahi kusema? Sinema hii inajua jambo ambalo wahubiri twalisahau, kwamba mjaribu hupitia mlango wa huzuni mara nyingi kuliko mlango wa starehe.

4. Maneno ya kwenye ngazi

Jambo la tatu hatukuweza kuliona miaka ile hata kama tungalivumilia mpaka mwisho. Kuna mahali ambapo mapadre wawili wamechoka, wanaketi kwenye ngazi nje ya chumba. Blatty alikuwa ameandika mazungumzo yao hapo, lakini katika sinema ya mwaka 1973 Friedkin aliyakata. Yalirudishwa mwaka 2000 sinema ilipotolewa upya, na hiyo ndiyo tuliyoitazama safari hii.

Karras anauliza kwa nini mateso haya yampate mtoto huyu. Mzee Merrin anajibu kwamba, kwa maoni yake, shabaha ni kutukatisha tamaa sisi. Kutufanya tujione kuwa wanyama na wachafu, tusiweze tena kuamini kwamba Mungu aweza kutupenda.

Tuliposikia hivyo tulisimamisha sinema, tukakaa kimya. Mambo yote yaliyotuchukiza, matusi, uchafu, msalaba kutukanwa, yamewekwa ili yamwulize mtazamaji swali hili: je, hata kiumbe huyu aliyeharibika namna hii anapendwa? Sisi tulitoka nje kabla ya kujibu. Na kwa yule mtoto wa jirani tulijibu vibaya, kwa maana usiku ule tulimwona pepo, hatukumwona mtoto.

Mwisho wa hadithi mzee Merrin anafariki, na Karras anamwambia pepo amwingie yeye amwache mtoto. Kisha anajirusha dirishani na kuviringika kwenye ngazi ndefu ya mawe, ngazi iliyopo kweli mjini Washington, yenye vidato 75. Watu wengine hudhani kwamba hapo Shetani ameshinda. Blatty hakuikusudia hivyo. Mtoto amekuwa huru. Naye Karras, akiwa chini akikata roho, rafiki yake padre Dyer anamshika mkono na kumwondolea dhambi. Aliyeigiza kama Dyer, William O'Malley, alikuwa padre kweli. Siku za mwisho mtoto hakumbuki lolote, lakini akiiona kola ya padre anambusu shavuni.

5. Kanisa letu lasema nini?

Msidhani kwamba Kanisa la Anglikana lilianza kufikiri juu ya jambo hili kwa sababu ya sinema. Kanuni za Kanisa la Uingereza za mwaka 1604 zilikwisha kumkataza mchungaji kutoa pepo bila idhini ya Askofu wake. Mwaka 1972, kabla ya sinema hii kutoka, ilichapishwa ripoti ya tume iliyoundwa na Robert Mortimer, Askofu wa Exeter, juu ya jambo hilo hilo.

Kisha likaja jambo la kuhuzunisha. Mwaka 1974, katika Yorkshire, mtu mmoja aliombewa kanisani usiku mzima ili atolewe pepo. Asubuhi alirudi nyumbani akamwua mke wake. Mwaka uliofuata maaskofu wa Uingereza walitoa maagizo ambayo yafaa kila mzee wa kanisa ayashike:

(a) Huduma hii ifanywe pamoja na waganga wa hospitali, isiwe badala yao.
(b) Ifanywe ndani ya sala na Sakramenti.
(c) Isitangazwe wala kufanywa maonyesho.
(d) Ifanywe na watu wazoefu walioruhusiwa na Askofu.
(e) Mgonjwa aendelee kutunzwa baadaye, asiachwe.

Usiku ule sisi tulivunja yote matano. Tulikuwa kama wale wana wa Skewa katika Matendo 19, waliotumia Jina la Yesu kama dawa ya kienyeji. Na kama wale sabini katika Luka 10, tulifurahia uwezo, hali Bwana amesema tufurahie jambo jingine kabisa.

Tunayasema haya kwa sababu hata leo wapo wanaowaombea wagonjwa wa kifafa na kuwaambia watupe vidonge. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na haukuambukizi ukimgusa mgonjwa. Huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960, akawakuta wagonjwa wametengwa na watu kwa hofu. Dawa ikiachwa ghafla, mgonjwa aweza kuanguka vibaya kuliko kwanza. Sali pamoja na mgonjwa, kisha mkumbushe kumeza vidonge vyake. Mambo hayo mawili hayagombani.

6. Tumjibuje yule kijana?

Hatukugeuka kuwa wapenzi wa sinema hii. Bado tunaona kwamba inamtumia mtoto kwa namna ya kuumiza macho, na kwamba watu wengi huitafuta kwa ajili ya kutetemeka tu. Isiwekwe mbele ya watoto, wala mbele ya mtu ambaye akili yake imechoka kwa huzuni au hofu. Mtume Paulo katika Wafilipi 4:8 ametuagiza tuchague tunayoyafikiri.

Lakini Mtume huyo huyo katika 1 Wathesalonike 5:21 ametuagiza tuyajaribu mambo yote, na kujaribu ni kusikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo tulimwambia kijana hivi: Tulikosea tulipokujibu kabla ya kujua. Kama ni mtu mzima na utaitazama, usimngoje pepo. Mtazame mama. Mtazame padre aliyechoka. Halafu ujiulize, huyu aliye kitandani ni nani kwangu?

Mwezi uliopita tulikwenda kwa yule mama wa jirani, ambaye sasa ni bibi kizee, tukamwomba msamaha. Alitukaribisha chai. Binti yake, mwenye kovu mkononi, ndiye aliyetumiminia.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika Marko 9, Yesu alimwuliza nini baba wa mtoto? Kwa nini swali hilo ni sehemu ya uponyaji?
2. Je, tumewahi kumwona pepo mahali ambapo tulipaswa kumwona mgonjwa?
3. Katika mtaa wetu, nani anaishi na kifafa au ugonjwa wa akili? Nani humtembelea?
4. Ni kitu gani tulichokihukumu bila kukisikiliza mpaka mwisho?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyemshika mtoto mkono na kumwinua, utusamehe tulipopiga kelele mahali pa kusikiliza. Uwape waganga hekima, wazazi nguvu, wagonjwa faraja, na sisi sote upendo usioogopa. Amina.