Chora Safari ya Maziwa Yako, Uone Pesa Zinapopotelea

Mfugaji wa Sigor anaweza kuamka alfajiri, akalisha ng'ombe vizuri na kukamua kwa usafi, kisha maziwa yake yakakataliwa kituoni. Lawama huenda kwa ng'ombe, kwa lishe au kwa mnunuzi. Mara nyingi kosa halipo huko. Liko katika dakika ambazo maziwa yalikaa yakisubiri, na ambazo hakuna aliyezihesabu.

Ipo njia ya kuzihesabu. Inaitwa kuchora mkondo wa thamani. Ilianzia katika viwanda vya magari vya Toyota nchini Japani, na Mike Rother na John Shook wakaieneza duniani kupitia kitabu chao. Haihitaji kompyuta. Karatasi, kalamu na saa vinatosha.

Hatua ya kwanza: Fuata bidhaa kwa miguu

Usichore ukiwa umekaa nyumbani. Fuatana na mtungi kutoka zizini hadi mtambo wa kupoza. Kila kituo kiandikie kisanduku na dakika zake, ukiandika kinachotokea kweli, si kinachopaswa kutokea. Tuchukue mfano huu wa kufundishia:

- Kukamua: dakika 30
- Kusubiri bodaboda kando ya barabara: dakika 60
- Safari: dakika 40
- Foleni kituoni: dakika 50
- Kupimwa: dakika 5

Jumla ni dakika 185, yaani saa tatu na dakika tano.

Hatua ya pili: Tenga kazi na upotevu

Gawa dakika hizo mara tatu. Kukamua kunaongeza thamani: dakika 30. Safari na kupimwa haviongezi thamani kwa maziwa, lakini kwa sasa haviepukiki: dakika 45. Zinazobaki ni 110, na zote ni za kusubiri. Zaidi ya nusu ya safari, maziwa yamekaa tu.

Kusubiri huko kuna gharama. Wafugaji hushauriwa maziwa yapozwe ndani ya saa mbili baada ya kukamuliwa, kwa sababu bakteria huongezeka haraka kwenye joto. Kituoni maziwa hupimwa kwa alkoholi, na yakigandana hurudishwa. Laktomita nayo huonyesha kama yametiwa maji. Kipimo hakiulizi uliamka saa ngapi.

Si kila kusubiri ni hasara

Hapa wengi hukosea. Majirani zetu wa Konoin wanajua kwamba jani la chai likifika kiwandani hulazwa kwa saa nyingi ili linyauke, lipunguze maji kabla ya kukatwakatwa na mashine. Ukifupisha muda huo ovyo, unaharibu chai. Lakini jani hilo hilo likikaa limeshindiliwa kwenye gunia kituo cha kununulia, hupata joto na kubadilika rangi. Kukaa kwa kwanza kunalipa. Kwa pili kunaharibu.

Mursik ni vivyo hivyo. Siku ambazo maziwa hukaa ndani ya sotet ndizo zinazoyafanya yawe mursik. Kwa hivyo uliza kila mara: je, mnunuzi angekubali kulipia muda huu? Kama hangekubali, huo ni upotevu.

Hatua ya tatu: Chora pia habari

Juu ya visanduku, chora mishale inayoonyesha nani humwambia nani, na kwa njia gani. Katika mfano wetu, mwendeshaji wa bodaboda hajui maziwa yatakuwa tayari saa ngapi, na kituo hakijui ni nani anakuja saa ngapi. Wote hufika pamoja, foleni ikajaa. Tatizo si uchache wa pikipiki. Ni ukosefu wa habari.

Hatua ya nne: Chora ramani ya pili

Sasa chora safari unayoitaka. Majirani wakubaliane saa moja ya kukamua, wampigie mwendeshaji simu wanapoanza, na kituo kigawe zamu kwa kijiji. Kusubiri barabarani kukishuka hadi dakika 15 na foleni hadi 20, jumla inakuwa dakika 110. Maziwa yamefika kabla ya saa mbili kutimia, na hakuna aliyenunua mashine mpya wala kuongeza ng'ombe.

Jaribu badiliko moja kwa wiki mbili, pima tena, ndipo uende kwa lingine.

Si wafugaji pekee

Fundi wa nguo sokoni anaweza kufuata sare moja ya shule tangu oda hadi mteja anapoichukua. Mwenye duka anaweza kufuata gunia la sukari. Vyama vya ushirika vinaweza kufuata malipo, tangu siku maziwa yanapopokelewa hadi mkulima anapopata pesa mkononi.

Ofisi za serikali nazo hazijaachwa nje. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kilimo, leseni za biashara na vyama vya ushirika ni majukumu ya kaunti. Ukiomba leseni, andika tarehe na saa ya kila hatua: uliwasilisha lini, ulilipa lini, ulipewa lini. Leta karatasi hiyo kwenye kikao cha wananchi. Malalamiko ya "mnatuchelewesha" ni rahisi kujibiwa kwa maneno matupu. Ramani yenye saa inaonyesha meza ambayo karatasi ililala.