Protini Ihamie Asubuhi

Mtu akiamua leo kuacha ugali na kuishi kwa mayai, kuku na samaki, kabla wiki haijaisha utamsikia akilalamikia mambo mawili yanayopingana: mchana anasinzia, usiku hasinzii. Kichwa kinamgonga, miguu mizito, na saa 8 za usiku yuko macho anatazama feni ikizunguka. Wenzake wa mazoezi watamwambia avumilie, mwili unazoea. Mama mkwe atamwambia arudi kwenye ugali wake. Mimi naona tatizo halipo kwenye protini yenyewe. Lipo kwenye saa anayoila, na kwenye kile alichokiondoa sahanini ili kuipisha.

Kiasi kwanza, maana hapa watu hukisia sana. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima mwenye afya anatosheka na gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 58. Anayenyanyua vyuma, au mzee ambaye misuli imeanza kupungua, anaweza kuhitaji gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kilo. Basi huyo wa kilo 70 akifika gramu 112 tayari yuko kwenye dayati ya protini nyingi. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, konzi ya karanga 7, na gramu 100 za kuku aliyeiva, bila mfupa, zinakaribia 30. Ukijumlisha utaona kwamba lengo hilo linafikiwa bila kopo la unga wa dukani.

Sasa itazame siku ya mfanyakazi wa kawaida wa Dar es Salaam au Nairobi. Asubuhi ni chai na maandazi, protini karibu hakuna. Mchana wali na maharage, walau hapo pana kitu. Usiku ndipo mambo yote: samaki mzima, au nyama choma ya mbuzi nusu kilo, saa 3 usiku, na saa 5 mtu yuko kitandani. Akiingia kwenye dayati hauvunji mtindo huu, anauzidisha tu: asubuhi anaacha maandazi na kubaki na chai kavu, usiku anaongeza nyama.

Mwili una hesabu zake katika hili. Katika kila kalori 100 za protini unazokula, 20 hadi 30 huungua katika kazi ya kuimeng'enya. Wanga hugharimu 5 hadi 10 tu, na mafuta chini ya hapo. Kazi hiyo hutoa joto. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili linapaswa kushuka kidogo, na mwenye tumbo lililojaa nyama anachelewesha kushuka huko. Chumba cha Dar mwezi wa Februari hakihitaji msaada wa namna hiyo. Mafuta ya nyama nayo huchelewesha tumbo kumwaga chakula, kwa hiyo ukilala mara tu baada ya kula asidi hupanda kooni na kiungulia kinakuamsha. Bia ikiongezwa, usingizi unakuja haraka halafu unakatika usiku wa manane, na lawama zote anapewa mbuzi.

Kuna jambo la ubongo pia. Homoni ya usingizi, melatonini, hutengenezwa kutokana na triptofani, ambayo ni asidi amino inayopatikana kwenye vyakula vya protini. Mtu angedhani basi kula nyama nyingi ndiyo dawa ya usingizi. Sivyo. Ili kuingia ubongoni triptofani inagombea mlango mmoja na asidi amino nyingine nyingi, kama abiria wa daladala saa 12 jioni, na nyama inawaleta wote kwa pamoja. Wanga ndio unaoisaidia triptofani: ukipandisha insulini, wale wapinzani huvutwa kuingia kwenye misuli, na triptofani inapata nafasi. Mwaka 2007 watafiti wa Sydney, Australia, waliwapa wanaume 12 wali kabla ya kulala. Walipokula wali unaopandisha sukari ya damu haraka, muda wa saa 4 kabla ya kulala, walipitiwa na usingizi baada ya dakika 9 hivi, na wali wa aina inayopandisha polepole uliwachukua zaidi ya dakika 17. Watu 12 ni wachache, wala sisemi ujaze sahani mlima. Nasema aliyefuta wanga wote wa jioni amejinyima msaidizi.

Kwa hiyo geuza siku. Lenga gramu 25 hadi 30 asubuhi. Mayai mawili, glasi ya maziwa na konzi ya karanga zinatosha. Mbaazi za nazi za watu wa Pwani ni kifungua kinywa kizuri kuliko wanavyojisifu, ila kula mbaazi nyingi na mahamri machache, si kinyume chake. Supu ya asubuhi nayo ni nzuri, mradi utafune nyama na siyo kunywa mchuzi tu ukiusindikiza na chapati tatu. Mwenye haraka kuna mayai ya kuchemsha ya mtaani na kachumbari yake. Waliozoea kufunga Ramadhani wanalijua hili bila kufundishwa: daku la maharage au mayai humfikisha mtu mbali kuliko daku la chai na mkate.

Mchana rudia kiasi kilekile na upunguze wali badala ya kuuondoa. Mwaka 2011 watafiti wa Cambridge walionyesha, kwa panya, kwamba asidi amino huziamsha seli za ubongo zinazotoa oreksini, kemikali inayotuweka macho, ilhali glukosi huzituliza. Wengi wamewahi kulihisi hilo ofisini: sahani ya wali mtupu na soda huleta usingizi mezani, ya samaki na mboga na wali kidogo haileti sana. Kidogo utasinzia tu, kwa sababu saa ya mwili hushuka mchana hata kwa asiyekula.

Jioni punguza nyama, ongeza wanga wenye nyuzinyuzi: ugali wa dona, viazi vitamu, ndizi za kupika, na mboga za majani. Kipande cha samaki au bakuli dogo la dengu linatosha. Maliza kula muda wa saa 3 kabla ya kulala. Ukialikwa nyama choma, nenda, ila ifanye ya mchana wa Jumamosi.

Kuhusu ule uchovu wa wiki ya kwanza: mwili huhifadhi wanga pamoja na maji, kama gramu 3 za maji kwa kila gramu. Ukiukata ghafla, maji hayo yanatoka na chumvi yake, ndipo kichwa kinauma na miguu inalegea. Punguza polepole, kunywa maji, usiogope chumvi ya kawaida kwenye mchuzi kama huna shinikizo la juu la damu. Mabaki ya protini, yaani urea, hutolewa na figo kwa mkojo, kwa hiyo utakunywa zaidi na kukojoa zaidi. Maji mengi yaishie saa 12 jioni, la sivyo choo ndicho kitakachokuamsha. Na soma maandishi ya kopo: unga mwingi wa "kuongeza nguvu" kabla ya mazoezi una kafeini, ambayo huchukua kama saa 5 kupungua nusu tu.

Ukivumilia, hali hubadilika. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 na Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa watu wanene waliokuwa wakipunguza uzito, ulikuta waliokula protini zaidi wakilala vizuri zaidi, lakini baada ya miezi mitatu hadi minne.

Kama mwezi umepita, umepanga milo hivi na bado umechoka, acha kuongeza mayai. Nenda kapime wingi wa damu, sukari na figo. Upungufu wa damu na kisukari huchosha watu wengi huku wao wakilaumu chakula. Na kama figo zako zina shida, au una jongo, usiongeze protini kabla ya kuongea na daktari wako.