Pambo la Mkeka wa Salale: Kuazima au Kuiba?

Ukiutazama vizuri mkeka wa ukindu unaosukwa huko Salale, wilayani Kibiti, utaona kwamba haukutokea mara moja. Mama husuka kwanza kili ndefu, nyembamba, nyingine kwa ukindu uliotiwa rangi, kisha huzishona ukili kwa ukili mpaka mapambo yakutane. Akikosea hesabu, pambo linapinda.

Sasa tuseme kijana wa parokia ameombwa kubuni kitenge cha jubilei. Anaupiga picha mkeka huo kwa simu, anaiingiza picha kwenye programu ya akili mnemba na kuagiza mapambo ya namna hiyo. Kabla chai haijapoa anayo kumi. Je, ameiba?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anaeleza wizi kuwa ni kuchukua kwa siri kitu cha mwingine. Mwenzetu darasani atapinga mara moja: mkeka uko palepale, mama hajapungukiwa kitu! Pingamizi hilo si jepesi. Hata sheria hailindi wazo wala mtindo, hulinda kazi iliyotungwa. Edward Said Tingatinga alipofariki Dar es Salaam mwaka 1972, ndugu na wanafunzi wake waliendelea kuchora kwa mtindo wake, na hatuwaiti wezi. Lakini wao walijifunza kwake, na mtindo ukabaki na jina lake. Programu haikukaa na mtu yeyote jamvini, wala haitaji jina la mtu.

Tena, mtunzi wa pambo la mkeka ni nani? Bibi alifundishwa na bibi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake; hesabu hiyo haimfai bibi asiyejulikana. Ndiyo maana sheria hiyohiyo ina sehemu kuhusu sanaa za jadi, inayotaka kibali zinapotumiwa kwa faida nje ya mazingira yake ya kimila.

Mimi naona kinachochukuliwa hapa ni fungu la malipo. Mkeka tunaupigania bei mpaka shilingi ya mwisho, kitenge tunakilipia bila neno. Na kijana akisema “nimebuni mwenyewe”, ameshaigusa amri ya nane pia. Hawezi kuisingizia programu: hati ya Vatikano *Antiqua et nova*, ya tarehe 28 Januari 2025, inakumbusha kwamba wajibu wa kimaadili hubaki kwa binadamu.

Basi arudi kwa mama kabla kitambaa hakijaenda kiwandani. Aulize pambo lile linaitwaje, aombe ruhusa, wapatane malipo kama wabunifu wawili, na pembezoni mwa kitenge iandikwe kwamba pambo ni la wasukaji wa Salale. Mama akikataa, atafute pambo lingine. Na kamati ya jubilei ikisema bajeti haina fungu la mama huyo, ipunguze idadi ya vitenge.